Fahali Ndani ya Flashi

Jumatatu.

Mume wangu bado anataka nimfutie ile video. Namjibu tu kwamba sijui kufuta.

Baba Brenda mwenyewe ndiye aliyetukatia dishi la kulipia, ati fahali wake anahitaji molasi kuliko mke anavyohitaji televisheni. Nikanunua antena na king'amuzi kinachorekodi kwa flashi. Akanicheka, ati nimeweka waya wa kuanika soksi.

Jumamosi habari zikaonyesha mafahali wakipigana huko Ikolomani. Nikarekodi. Fahali wake Jenerali, anayekunywa uji kabla ya watoto wangu, alimtazama mwenzake mara moja, akageuka, akatoroka. Baba Brenda nyuma yake, kofia mkononi, akilia, "Rudi, baba! Rudi!"

Kila mgeni nimemwonyesha. Leo shemeji alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Baba Brenda akanifuata jikoni, sauti chini: "Mama Brenda, tafadhali futa hiyo kitu. Watu wananichekanga hadi sokoni."

Nilimhurumia kidogo. Halafu nikakumbuka uji.

Kufuta ni kubonyeza mara mbili. Najua.

Kesho mama yangu anakuja, mkwe ambaye Baba Brenda hawezi hata kutafuna mbele yake. Kiti chake nimekiweka karibu kabisa na televisheni.