Umeridhika Kiasi Gani?

Jumatatu, 4 Machi

Kuanzia leo Kituo cha Ushauri kimeboreshwa. Ndivyo bango la mlangoni linavyosema, kwa hiyo ni kweli. Viti vipya. Ukuta una rangi ya maziwa yaliyochacha. Na mimi wa mapokezi nimepewa kompyuta.

Mkurugenzi — tunamwita Maboresho, hajui, au anajua na anapenda — katueleza mfumo mpya. Mwanafunzi akipewa miadi, siku moja kabla anatumiwa ujumbe wa simu wa kumkumbusha. Wanafunzi wanasahau sana, kasema. Mshauri, mama ambaye miaka yote yuko chumba cha ndani akisikiliza vilio vya watoto wa watu, kasema hawasahau, wanaogopa. Maboresho kaandika "wanaogopa" ubaoni, kalizungushia duara, kaendelea na yake.

Mimi nilipiga makofi. Kompyuta ni nzuri. Ina kivuli cha kujifichia uso.

Jumatano, 6 Machi

Binti wa dada yangu kaja kituoni. Yuko mwaka wa pili wa udaktari. Nikadhani kaja kunisalimu, nikaanza kutafuta biskuti kwenye droo. Kumbe yuko kwenye foleni kama wengine. Alipofika dirishani kwangu kasema chini chini:

"Mama mdogo, hapa hunijui. Sawa?"

Nikasema sawa.

Anataka kumwona Mshauri. Nimempa Jumanne. Kisha nikamfuata koridoni, eti naenda kuchota maji. Kaniambia kwa mkato: tangu muhula uanze hajaingia darasani. Anavaa, anabeba mkoba, anafika mlangoni, anageuza. Hajafanya jaribio hata moja. Na mama yake asijue kabisa — "Akijua naondoka, mama mdogo. Na hamtajua niko wapi."

Hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Angelia ningejua la kufanya.

Dada yangu anamwita "daktari wangu". Wanamjua hivyo mtaa mzima, mpaka muuza mkaa, ambaye keshamwonyesha goti lake mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi kapiga simu baba mmoja, sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha. Kapata ujumbe kwamba ana miadi na mshauri kesho. "Mimi ni fundi magari. Nashauriwa nini?" Nikamwambia namba imekosewa. Halafu mama mmoja, swali lile lile. Halafu mzee aliyedhani kashinda zawadi, akataka kujua aje na kitambulisho gani. Kwa huyo nilicheka, nikafunika simu kwa kiganja.

Mchana kicheko kimeisha. Kijana mrefu kaja kufuta miadi yake. Nyumbani wamemuuliza kama kapata wazimu, na kama ni wazimu, ni wa upande wa nani. Nikamwambia asifute. Kafuta.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao cha dharura. Fundi wa mfumo kaeleza akiangalia viatu vyake. Namba za simu zilitolewa kwenye maombi ya kujiunga na chuo. Wakati ule wengi walikuwa shuleni, hawana simu, wakaandika ya mzazi. Hakuna aliyeliwaza hilo, mimi nikiwemo, na nilipiga makofi.

Mshauri kasimama, mara ya kwanza namwona amekasirika. Kasema mtoto anazunguka jengo hili wiki nzima ndipo aingie, halafu sisi tunampigia babaye tarumbeta. Maboresho kajibu kwamba huduma bila takwimu ni uvumi. Wakavutana. Mwishowe wakapatana kama wapatanavyo wakubwa: kila mmoja kaondoka na kipande.

Ujumbe wa kukumbusha umezimwa. Badala yake, mwanafunzi akishatoka kwa Mshauri ataletewa kwenye simu swali moja tu: umeridhika kiasi gani na huduma, kuanzia moja hadi tano. Na namba? Mimi nitamuuliza kila anayefika, nitaibadilisha papo hapo kabla hajaingia.

"Umeelewa?" Maboresho kaniuliza, polepole, kama naelewa kwa mguu.

Nimeelewa.

Jumapili, 10 Machi

Dada kapiga. "Daktari wangu hapokei simu. Si uko naye hapo hapo chuoni? Umemwona?"

Nikasema chuo kikubwa. Kweli tupu, na bado ni uongo.

"Ukimwona mwambie ale."

Jumanne, 12 Machi

Kaja. Wote waliomtangulia nimewauliza namba zao, nimezibadilisha, mmoja baada ya mwingine, hata aliyeniuliza kama namtaka. Zamu yake ilipofika sikuinua uso. Nyuma yake nadhani alikuwepo mwenzake wa darasani, maana wote wawili walikuwa wakisoma tangazo la ukutani kwa bidii isiyo ya kawaida. Nikamwambia, "Pita." Neno moja, kavu. Nikajiona hodari: simjui kabisa.

Kakaa ndani muda mrefu. Alipotoka macho mekundu, lakini mabega yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo. Kapita karibu na dirisha, kaongea na hewa: "Kesho najaribu kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alhamisi narudi."

Hewa ikafurahi sana. Ikaenda msalani kulia kidogo.

Jioni hiyo hiyo. Niko jikoni nakata vitunguu, simu inaita. Dada.

"Hebu nisaidie, wewe unayekaa na wasomi. Nimeletewa maneno hapa. Asante kwa kutembelea Kituo cha Ushauri, umeridhika kiasi gani na huduma. Nikawajibu, huduma gani? Mimi sijahudumiwa. Hicho kituo si ndicho unachofanyia kazi?"

Nikaweka kisu. Mtoto sikumuuliza namba. Nimeuliza chuo kizima isipokuwa yeye, kwa sababu nilikuwa nashughulika kutomjua.

Nikasema mfumo ni mpya, unakosea.

"Ukosee uache watu wote unipate mimi?"

Dada hakusoma sana. Mjinga hajawahi kuwa. Kakata simu.

Jumatano, 13 Machi

Nimemweleza Mshauri kabla hajakaa. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Kaniuliza kitu kimoja: mtoto anajua? Hajui. Basi ajue, na ajue kutoka kwangu, kabla mama yake hajafika.

Nimempigia. Hapokei. Labda yuko darasani, nyuma kabisa. Nimeandika ujumbe, nikaufuta — maneno kama haya ukiyaandika yanakuwa makubwa kuliko simu. Nimempigia dada. Hapokei naye. Mmoja hataki kusemwa, mwingine hataki kudanganywa tena. Mimi katikati, nimeshika simu yenye moto.

Maboresho kapita anatabasamu. Majibu yameanza kuingia, kasema. Alama ni za chini, lakini watu wanashiriki.

Alhamisi, 14 Machi

Naandikia hapa hapa mapokezini. Dada kaketi mbele yangu. Anadhani ni kazi ya ofisi.

Mtoto kaja mapema, kabla ya foleni. Darasani jana kakaa mpaka mwisho — hilo ndilo alilotaka kunipa, kaingia nalo usoni. Nami nikampa langu. Sikuzunguka: mama yako kaletewa ujumbe, namba yako sikuibadilisha, kosa langu. Uso ukazima. Kageuka, kashika njia ya kutoka. Mshauri alikuwa kafungua mlango wa chumba chake. Hakumwita. Kauacha wazi tu, kasimama pembeni. Mtoto kasimama katikati ya sakafu, huku hatoki, kule haingii. Kisha kaingia kwa Mshauri. Sijui kama kaamua au kachoka tu kukimbia.

Haikupita muda, dada huyo. Nguo zake nzuri, vumbi la safari kwenye viatu. Salamu hakuna.

"Yumo?"

"Hapa hatusemi nani yumo, mama."

Kila mzazi anayefika dirishani namwita hivyo. Limetoka lenyewe.

"Mama? Tumenyonya ziwa moja, leo mimi mama kwako?" Kaufuata mlango wa Mshauri. Nikatoka nyuma ya dirisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, nikasimama mbele yake.

"Dada, ukiufungua atatoka na hatarudi. Si hapa, si kwako. Kaniambia kwa mdomo wake."

Hivyo nikawa nimeshasema yumo. Mlinzi wa siri wa kituo kilichoboreshwa.

Kanitazama sana. Nikangoja kofi; sote wawili tunajua angelipiga zamani. Badala yake kaketi kiti cha kwanza, kile kinachotazamana na mlango, na mkoba wake kauweka kiti cha pili, kama mtu anayemshikia mwenziwe nafasi au anayezuia mtu asikae. Haiwezekani kutoka kwa Mshauri bila kupita magotini pake.

"Kafeli?"

"Sijui."

"Ana mimba?"

"Sijui, dada."

"Yuko mwanaume?"

"Dada."

"Sasa humo ndani wanazungumza nini muda wote huu?"

"Mimi hubaki huku nje."

Sauti ya mwanamke imepenya mlangoni. Kaangalia ukuta wetu wa maziwa. Halafu, sauti ndogo, sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wasichana: "Na huyo mama aliye naye, ana watoto?"

Nikasema sijui. Ni kweli, sijui. Sijawahi kuuliza.

"Mpole?"

"Mpole."

Kaitikia kwa kichwa, taabu tupu, kama anayeambiwa bei.

Ndani kiti kimesukumwa. Sauti ya Mshauri, kisha ya mtoto, karibu kabisa na mlango. Dada kasikia. Kauchukua mkoba, kauweka mapajani, kiti cha pili kikabaki kitupu. Kaurudisha. Sasa kauchukua tena, kitasa kinageuka —