Conservateur ni Nani?

Likasi, tarehe 9 mwezi wa sita 1973

Yaya wangu Philomène,

Jambo sana, weye na shemeji Casimir na batoto bote pale Kapolowe. Muhogo inaota muzuri? Na mugongo ya shemeji inasema nini, sasa anashika jembe? Huku mama anakohoa kidogo, lakini kugombeza batu hajaacha.

Barua yako nilipata. Unasema mulirudishia Octave mali ya ndoa ya mutoto wake mwanaume, juu yeye, kapita mwenye kusimamia shemeji ku kazi, njo aliandika jina ya shemeji kwa bakubwa ba Chama. Na Martine, binti yenu, analia kila siku. Yaya, tangu nisome ile barua silali muzuri.

Unakumbuka mwaka jana Chama ilikataza tai na majina ya kizungu. Asubuhi moja pale Kakontwe, kwa kazi yangu, kiisha kuimba na kucheza mbele ya kazi, secrétaire wa Chama alisoma hotuba ya kifaransa: conservateurs wako kati yetu, tubafichue. Batu bakaulizana conservateur ni nani. Akaniita minye, karani, nieleze kwa Kiswahili.

Nikasema ni mutu anashikilia mambo ya zamani, mupya anakatala. Bakaniangalia tu. Basi, juu ya kutaka bacheke, nikasema: ni sawa na shemeji yangu Casimir, kila siku ya Mungu anaenda misa na tai ya ndoa yake! Eh, balicheka mupaka machozi. Nikajiona mwerevu kabisa! Secrétaire akaniambia niandike ule mufano mu rapport ya kutuma kwa bakubwa. Ningeweza kusema ilikuwa muchezo tu. Niliogopa, nikaandika.

Octave hana kosa. Mwenye kosa njo minye. Rudisheni neno la ndoa, Martine aolewe, na umuombe Octave na Clémentine, bibi yake, banisamehe.

Nyumba na kazi ya shemeji siwezi kuvirudisha. Na siku ile alipofukuzwa, alileta barua ya kumufukuza kwangu nimusomee, juu kifaransa hajui. Akaweka kidole chini ya ile neno, akauliza maana yake. Minye niliyeieleza mbele ya batu mia moja, nikamujibu sijui. Akanishika bega, akasema: si kitu. Kama hata weye mwenye kusoma hauijui, labda haiko neno mubaya.

Musomee shemeji barua hii yote, usiruke kitu. Salamia batoto, kama bado munakubali salamu yangu.

Minye mudogo wako,
Germain