Sufuria Iliyonasa Sumaku

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na roho imenichafuka tangu saa nne.

Kazi yangu hapa mtaani Buyenzi ni kuyeyusha vyombo vikuukuu na kusubu sufuria, yaani kuzimimina upya kwenye kalibu. Kila kinachokuja nakigusa kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Kikinasa ni chuma, nawapelekea wahunzi, maana moto wangu haukiwezi. Kisiponasa, natazama rangi na uzito. Shaba ni nyekundu na nzito. Alumini ni nyeupe na nyepesi, na hiyo ndiyo riziki yangu. Tangu vita vianze alumini imejaa tele. Sijawahi kuuliza inatoka wapi.

Sikuuliza kwa sababu nilijua.

Leo mteja mmoja, anayeniletea mali kwa magunia, alikuja na sufuria kubwa ya alumini. Nikapitisha sumaku. Ikanasa mahali pamoja tu, chini, karibu na ukingo. Nikaigeuza. Palikuwa na msumari wa chuma uliogongwa bapa kuziba tundu, kutu imeuzunguka.

Msumari ule niliugonga mimi. Sufuria ni ya shangazi yangu; siku aliyoniletea niizibe niliishiwa alumini, nikaona msumari utatosha. Shangazi huyo, Mariamu wa mtaa wa Carama, alinisema mwaka mzima kwamba namlisha wali wa kutu, kwa kuwa alumini haishiki kutu, chuma ndicho kinachoshika.

Nikamwuliza yule mtu ameitoa wapi.

"Nimeokota tu, fundi. Mu ile nyumba apana mutu, wote walikimbia."

Alisema hivyo huku anatafuna karanga. Nilitamani kumtapikia miguuni. Sufuria nimebaki nayo, yeye nimemfukuza.

Lakini kinyaa hiki si juu yake peke yake, ni juu yangu pia. Wiki iliyopita alileta gunia zima: vifuniko, visufuria, birika lililobonyea ubavuni. Hakuna kilichonasa sumaku, nikayeyusha vyote bila kugeuza hata kimoja. Kwa alumini hiyo nikamsubia mke wangu sufuria mpya. Mchana wa leo ameipikia maharage. Nimeshindwa kumeza, nikamdanganya kwamba tumbo linauma.

Kesho naibeba sufuria hii hadi mtaa wa Mutanga Sud, wanakosema watu wa Carama wamepata hifadhi. Namwomba Mungu nimkute shangazi hai. Nikimkuta, najua ataigeuza, atauona msumari wangu, ataanza kunisema. Kisha ataniuliza kama nimeliona na birika lake, lile lililobonyea.

Nitamwambia liko jikoni kwangu, lina maharage?