Kwa Mama Yetu Thirza Ackroyd, Ambaye Vijarida Vyake Vilitupwa Kwenye Taka

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipofumba macho katika ile wodi ya ghorofani, na Baba bado hajathubutu kuiondoa stepla yako kwenye meza ya chakula.

Wengi hapa Harrowclough walikujua kwa keki yako ya tangawizi na kwa ulimi wako. Sisi tulikujua kwa kelele za mashine ya fotokopi. Kila msimu ulitoa kijarida cha Chama cha Historia ya Mji: kurasa chache, picha zenye ukungu, na makosa ya chapa uliyoyalaani wiki nzima. Tulikunja karatasi zako tangu utotoni. Siku moja Rowena alinuna: "Lakini Mama, nani anasoma haya?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Mtu ambaye bibi yake hajaandikwa popote pengine. Kunja."

Na ilikuwa kweli. Magazeti yaliandika habari za wenye viwanda. Wewe uliingia majikoni. Ulikaa na mabinti wa wasokota sufu, ukala biskuti zao zilizolainika, ukasikiliza. Ndiyo maana ni kijarida chako tu kilichosimulia moto wa kiwanda cha Stancliffe: kwamba mlango wa ngazi ulifungwa kwa nje ili wasichana wasitoke kabla ya muda, na kwamba aliyeamuru ni tajiri mwenyewe, Josiah Stancliffe. Uliwaandika waliokufa kwa majina, kila mmoja na mtaa wake.

Kitukuu wa Josiah, Lionel, hakukusamehe. Alipopata uenyekiti wa chama, akangoja. Ulipolazwa tu, alibeba maboksi yote ya vijarida vya zamani akayatupa kwenye kontena la taka, mvua ikayamaliza. Mwanao Clive alipomwuliza, alitabasamu. "Umbea wa vikongwe, kijana wangu. Chama kinahitaji jarida la heshima."

Tulikuficha habari hiyo, lakini rafiki yako Mavis hajui kuficha. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukageukia ukutani. "Mwacheni," ulisema. "Nimechoka."

Tangu utotoni tulikutii, Mama. Hilo tu tulilikataa.

Baada ya mazishi tulipita nyumba kwa nyumba. Vijarida vyako vilikuwa kwenye droo za vijiko, chini ya magodoro, ndani ya Biblia. Kimoja kilikuwa kimekunjwa chini ya mguu wa meza isiyumbe, na mwenye meza aliona haya mbele yetu. Mzee mmoja alikishika chake kwa mikono miwili kabla ya kutukabidhi. "Mama yangu yumo humu," alisema. "Picha hana, kaburi halina jina. Ana hiki tu. Mtakirudisha, sivyo?" Tukamrudishia siku ileile. Kisha tukachapa upya toleo la moto wa kiwanda, nakala za kutosha mji mzima.

Majira ya kuchipua yalipofika, Lionel alizindua kibao cha shaba kwenye ukuta wa kiwanda, kumsifu Josiah kuwa "rafiki wa wafanyakazi". Meya alikuwepo, keki zilikuwepo. Kitambaa kilipovutwa, Mavis akafungua kijarida akaanza kuyasoma majina ya waliokufa kwa ile sauti yake ya kwaya. Mwingine akadakia. Mara uwanja mzima ukawa unasoma.

"Jamani, leo si siku ya hayo!" Lionel alipaza sauti.

"Ndiyo siku yenyewe, Bwana Mwenyekiti," Mavis akamjibu. "Au unataka kutufungia mlango na sisi?"

Watu wakacheka, kicheko kisicho na huruma hata chembe. Meya akaweka keki yake chini akaondoka. Lionel akabaki na kitambaa mkononi, uso umemsawijika. Tulimtazama, Mama, na tulifurahi. Hatuoni aibu kusema hivyo.

Kibao kimeng'olewa. Uenyekiti amevuliwa kwa kura ya mikono. Hata mkewe hakunyoosha mkono kumtetea. Lionel akituona dukani huacha kikapu chake na kutoka. Kasisi ametusihi tusamehe. Tumempa chai, tumemwambia hapana.

Mjukuu wako Imogen ndiye mhariri sasa. Toleo lake la kwanza limeeleza yote: kontena, mvua, neno "vikongwe", na jina la Lionel Stancliffe, kamili. Limefika maktaba na kila mlango wa mji huu. Wajukuu wa Lionel watalisoma.

Unakumbukwa na mumeo Wilf, wanao Rowena na Clive, mkweo Bridget, mjukuu wako Imogen, na Mavis, ambaye anasema asiachwe nje.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Mama. Naye Lionel hatutamsahau.