Lenzi ya Manju

Jumatatu, 1 Juni 1987
Foleni ndefu. Nimepima macho mpaka shingo inauma. Mchana kaingia Mzee Masunga, manju wa ngoma kutoka upande wa Maganzo, kashikwa mkono na mkewe. Mtoto wa jicho pande zote mbili, la kulia limeiva kabisa. Msimu wa ngoma unakaribia na mpinzani wake ameshamtungia wimbo: manju anayeongozwa na mke. Mzee hataki huruma. Anataka kuona miguu ya wachezaji wake.

Jumanne, 2 Juni
Nimekagua boksi la lenzi za msaada, zile za kupandikiza ndani ya jicho mtoto wa jicho akishatolewa. Aina mbili. Moja hukaa mbele ya mboni: rahisi kuiweka, lakini iko karibu mno na kioo cha jicho. Ikitikiswa sana, inakwaruza. Nyingine hukaa nyuma ya mboni, palepale ilipokuwa lenzi ya kuzaliwa. Hiyo inataka utando uliokuwa nyuma ya lenzi ile ubaki mzima, na utando ule ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Njia ya zamani ni kutoweka lenzi, mtu akavaa miwani minene.

Daktari mkuu anasema mzee wa kijijini miwani inamtosha. Imeniudhi. Manju akicheza hurusha kichwa. Miwani ataiokota mpinzani wake.

Ya nyuma. Nimeamua. Mkono wangu naujua.

Alhamisi, 4 Juni
Nimempasua jicho la kulia. Utando mzima. Lenzi imetulia. Nimekula ugali mkubwa.

Ijumaa, 5 Juni
Nimefungua bandeji. Alitazama juu ya kichwa changu, akatafuta, akateremsha jicho.

"Kumbe u mfupi hivi, mwanangu. Sauti yako ilinidanganya."

Wodi nzima ilicheka. Nikamwonya asiiname, asicheze. Aliitikia vizuri mno.

Jumapili, 7 Juni
Wachezaji wake walikuja kumpa pole. Kwao pole ya manju ni wimbo. Nimemkuta kando ya kitanda, mabega yanatikisika, kichwa kinakwenda. Niliogopa sana. Nimewatoa wote nje, na yeye nimemfokea, mtu wa umri wa baba yangu. Kisha nikamchunguza kwa darubini.

Hakuna damu. Lenzi haijasogea hata kidogo. Ingekuwa ile ya mbele, sijui ningekuta nini. Jioni nimemwomba radhi kwa kumfokea. Kwa lenzi, naringa.

Jumamosi, 15 Agosti
Mashindano. Nilisimama nyuma kabisa ya umati. Mchezaji wa mwisho alikosea hatua, mzee akamnyooshea kidole palepale. Halafu akaniona. Akaugeuza wimbo: daktari mfupi, mkali, anayekataza watu kucheza. Watu walicheka, nami nikacheka. Machozi yalinitoka, nikayaacha.

Jicho la kushoto tutalifanya msimu ukiisha. Masharti nimempa mkewe.