Sindano za Chini ya Macho

Tarehe 4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mumeo naye hajambo? Mimi nipo, mgongo unanisumbua lakini cherehani bado inazunguka.

Shangazi yako amenionyesha picha yenu ya kazini kwenye simu yake. Wenzako wote pale mapokezi ya hoteli wanacheka, wewe una mifuko chini ya macho, tena ya kibuluu. Nini hicho? Simu sipigi, maana nitapaza sauti na majirani zangu hawana kazi. Niandikie ukweli. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mama yako


Tarehe 15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, namshukuru Mungu. Pole na mgongo. Usishone kutwa nzima umeinama.

Macho ni vumbi tu, Mama, hoteli inakarabatiwa. Wanaonikera ni watu. Kila mgeni akija kuchukua ufunguo ananiambia "pole sana," kana kwamba nimefiwa. Meneja kachoka, kanihamishia chumba cha kufulia nikunje mashuka mpaka uso utulie. Mkwe wako hana neno, kila asubuhi ananiwekea kitambaa cha maji baridi. Ni mume mwema. Usihangaike.

Mwanao


Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mwili wangu haujambo, roho ndiyo mgonjwa.

Vumbi gani hilo linaloacha buluu? Na mbona umemsifu mumeo bila kuulizwa? Mimi si mtoto wa jana. Mjomba wako anaondoka kesho na basi la asubuhi. Nimemwambia amfuate mumeo hukohuko shuleni anakofundisha, mbele za watu, maana wanaume wa namna hiyo huogopa aibu tu. Wewe funga nguo zako.

Mama yako


Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini nina hasira.

Mume wangu hajaninyooshea hata kidole. Nilichomwa sindano, Mama! Nililipia mwenyewe! Kuna mwanamke ana saluni, akaniambia atanijazia jeli chini ya macho nionekane nimelala vizuri. Wiki ya kwanza nilipendeza. Ya pili nikaanza kuvimba. Nikarudi, akasema nikande kwa vidole. Nikakanda, yakatoka manundu. Nikarudi tena, akataka kuniongezea nyingine, eti pande zote zilingane! Daktari wa hospitali anasema jeli imewekwa juujuu mno na inavuta maji. Ameanza kuiyeyusha kwa dawa, na dawa yenyewe ni sindano vilevile. Nimechoka kuchomwachomwa. Kukwambia niliona haya, maana macho haya nimeyarithi kwako, nami niliyakataa.

Sasa sikia alichofanya kaka yako. Aliingia chumba cha walimu wakati wa chai, akamwita mume wangu mpiga wanawake. Vikombe vyote vikasimama. Na mume wangu nilikuwa nimemwapisha asimwambie yeyote habari za sindano, basi akanyamaza. Neno moja tu lingemwokoa, Mama, na hakulisema. Mkuu wa shule amemsimamisha kazi. Amehamia kwa kaka yake. Akiwa mlangoni aliniambia, "Siri yako nimeitunza. Sasa niache nipumzike."

Kesho nakwenda shuleni kwao na uso huuhuu, nikawaeleze mmoja mmoja. Nawe usimtume mtu tena. Mtu yeyote!

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Shule imemrudisha darasani. Nyumbani hajarudi.

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Macho je, yanapungua? Mimi nipo. Sikuandika mapema kwa sababu kila nilipoanza kalamu ilikuwa nzito.

Nimekosa, wala sitazunguka mbuyu. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, lakini Ijumaa nakuja. Nitamfuata mumeo hapo kwa kaka yake, kisha, akikubali, tutakwenda wote hadi chumba cha walimu, nimwombe radhi palepale alipoaibishwa. Mjomba wako nakuja naye. Hataki, lakini anakuja.

Ila kuna jambo hulijui. Baba yako, Mungu amrehemu, unamkumbuka akikubeba mabegani, na ni kweli alikubeba. Kabla hujazaliwa alikuwa akinipiga. Usoni, mwanangu. Nilimwandikia bibi yako kwamba nimejigonga kwenye kabati, na kwamba mume wangu ni mwema, ananiuguza vizuri. Niliandika hivyo kwa sababu barua zangu baba yako alizisoma kwanza. Nilidhani mama yangu ataelewa. Akanijibu, "Pole, muwe mnawasha taa." Nikawa nachungulia dirishani kila niliposikia gari linasimama, nikisema labda wamekuja. Hakuja mtu.

Nilipoiona picha yako, halafu nikasoma unavyomsifu mumeo, nilisikia sauti yangu mwenyewe. Sikuweza kukaa.

Mumeo nimemkosea, na nitamwangukia miguuni. Wewe sikuombi radhi kwa kumtuma mtu.

Mama yako