Jedwali Dogo Uliloliita Haraka

Papa Anaclet,

Bado siamini. Asubuhi ile ulinituma wodi ya wazazi kuchukua fishi, zile karatasi za matibabu za akina mama. Niliporudi ulikuwa umelaza kichwa mezani, chai yako ingali na mvuke. Nilikuita mara mbili nikidhani unanitania. Ni wiki ya tatu sasa, na kila nikiingia ofisi yetu ya kumbukumbu hapa kituo cha afya nasalimia kiti chako.

Siku nne baada ya mazishi walileta kituoni mama mmoja kutoka Nzahaha. Alijifungulia njiani, damu haikatiki. Muuguzi wetu Vestine akaniambia, "Solange, nipe groupe yake ya damu." Nikaandika jina. Kompyuta ikazunguka, ikazunguka. Jedwali lako kubwa la akina mama wote lina safu zaidi ya mia mbili: kijiji, chanjo, uzito, hadi picha ya kadi. Ili isome safu moja tu ya damu, mashine ilibeba mstari mzima wa kila mama. Vestine alisimama nyuma yangu, glovu zimelowa. Mwishowe akakimbia kupima upya. Yule mama alipona.

Nikakukasirikia, Papa. Mwaka mzima nilikuomba tutenge safu za haraka ziwe na jedwali lao dogo. Hata asubuhi ile tulibishana. Ukasema, "Acha bamama bakae pamoja. Ukibagawa, utabapoteza." Halafu ukanituma fishi, nami nikatoka bila kukujibu.

Kesho yake nikafungua kompyuta yako nianze kazi hiyo mwenyewe. Nikalikuta.

Jedwali dogo, safu nne: namba, jina, damu, dawa zinazomdhuru. Umeliita "haraka". Bamama wote wa Bugarama wamo, kila mmoja umemlinganisha na fishi yake. Wa Nyakabuye ulifika nusu. Mstari wa mwisho ni wa asubuhi ile. Jina lipo, safu ya damu iko tupu. Ulikuwa unangoja fishi uliyonituma.

Nilikaa sakafuni. Vestine aliuliza kuna nini, nikamwonyesha mstari ule wa mwisho. Ulikuwa unanisikia siku zote hizo. Kwa nini hukuniambia?

Nimeendelea ulipoachia. Namba ya kila mama iko katika majedwali yote mawili, kwa hiyo hakuna aliyepotea. Jana Vestine aliuliza damu ya mgonjwa, jibu likatoka kabla hajavaa glovu ya pili. Alitazama kiti chako, akasema polepole, "Mzee angeona."

Lala salama, Papa. Nakuahidi nitalinganisha hadi mama wa mwisho, na ambaye fishi yake haipo nitamfuata kwake, hata kama ni kule juu ambako moto haipandi, pikipiki zote zinaishia chini. Na sitatoka tena mbele ya muntu bila kumjibu.

Mwanafunzi wako,
Solange